Kopo la Chumvi Kijiweni

Chumvi haikushuka. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona Sawa asubuhi ile, kabla hajaona kingine chochote.

Kopo la chumvi lilikaa mwisho wa benchi, karibu na beseni la mayai ya kuchemsha. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, maandishi yamefutika, na ndani yake mlikuwa na chumvi iliyochanganywa na pilipili ya kusaga. Mteja akinunua yai, alilimenya mwenyewe na kuchovya mwenyewe. Kazi ya Sawa ilikuwa kuchemsha na kuuza, chumvi ilikuwa kazi ya mlaji. Siku za kawaida, jua likianza kuchoma, kopo huwa limechimbika katikati kama mahali kuku alipooga vumbi. Lakini wiki ile chumvi ilikuwa imelala tambarare, kama kitanda kilichotandikwa na hakuna aliyekilalia.

Maana yake hakuna aliyekula mayai. Beseni limejaa pomoni.

Jina lake halisi halikuwa Sawa. Kijiweni walimpa jina hilo kwa sababu ndilo neno pekee walilowahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Ukimwambia niletee mayai mawili, sawa. Ukimwambia sogeza beseni, sawa. Ukimwambia leo umependeza, anainama kutazama vidole vya miguu, kisha sawa. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi, pembeni kidogo, wakati benchi lenyewe lilikuwa na nafasi upande wa kushoto, pale Dereva mstaafu alipopenda kulaza kofia yake. Kila asubuhi Sawa aliitazama nafasi ile. Kila asubuhi kofia ilikaa, yeye akakaa kwenye ndoo.

Kahawa ilikuwa ya Shangazi yake. Shangazi alikuwa mwanamke mfupi mwenye birika refu na ulimi mrefu kuliko birika.

Nyuma ya benchi kulikuwa na kibanda cha kinyozi, na ndani ya kibanda kulikuwa na redio. Hiyo redio ndiyo iliyoleta balaa.

"Ndugu wasikilizaji," redio ikasema, "kama tulivyoahidi, mtaalamu wetu wa lishe amerudi na sehemu ya pili. Mama, baba, pikeni nyumbani! Chakula cha nyumbani ni nafuu, na mayai ndiyo mkombozi wa jiko. Asubuhi mayai. Mchana mayai na wali. Jioni mayai na mboga…"

"Zima hiyo redio!"

Aliyepiga kelele alikuwa Honi, yule dereva mwenye kofia. Aliendesha lori hadi alipostaafu, ila sauti yake haikustaafu.

"Nizime ya nini?" akajibu Wembe, kinyozi, akitoa kichwa nje ya pazia. "Umeme nalipa mimi."

"Zima kabla mke wangu hajasikia sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza tu imenimaliza!"

"Kwani kwako kumekuwaje?"

"Usiniulize, bwana. Jana asubuhi, yai la kukaanga. Nikasema haya, ni kifungua kinywa. Mchana nikawekewa wali. Nikafurahi. Kufukua wali, nikalikuta yai limejificha chini kama mwizi chini ya kitanda. Jioni nikaletewa kabichi. Nikasema moyoni, hapa nimepona. Kabichi ikaniangalia."

"Kabichi ikakuangalia?"

"Kwa macho mawili ya njano!"

Benchi likacheka. Wembe akaja na kitana mkononi, akamwacha mteja wake ndani na kichwa nusu.

"Afadhali yako. Wa kwangu siku hizi anakwenda uani kuzungumza na kuku wa jirani. Anamwita wifi."

"Acha porojo!"

"Haki ya nani! Nimemsikia kwa masikio haya. 'Wifi, umeamkaje? Wifi, leo vipi, umetukumbuka?'"

"Naomba nifafanue," akasema Mwalimu.

"Usifafanue!" wakasema wote kwa pamoja.

Mwalimu naye alikuwa amestaafu, lakini kufafanua hakujakoma. Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, na hapo watu wakajua hakuna namna.

"Mimi sipingi mayai kama sera. Sera ni nzuri. Yai ni nafuu, linashibisha, linaiva upesi, halimalizi mkaa. Ninachopinga ni utekelezaji. Haiwezekani sera moja itekelezwe asubuhi, mchana na jioni bila kushirikisha walaji."

"Hapo umesema, Mwalimu!"

"Nimemwuliza mama watoto, je, kulikuwa na kikao? Akaniambia kikao kilifanyika jikoni, na mimi sikuhudhuria."

Shangazi aliyekuwa anamimina kahawa akaacha kumimina.

"Na ni kweli hukuhudhuria," alisema. "Nyinyi nyote hapa mnalia kama mmenyweshwa dawa. Hebu niambieni, kati yenu nani amewahi kuwasha jiko?"

Wembe akachunguza kitana chake. Mwalimu akavaa miwani.

"Mimi!" akasema Honi. "Nimepika safarini tangu ujana. Nimewahi kukaanga mayai juu ya injini ya lori."

"Yakaiva?"

"Yaliiva. Yalinukia dizeli kidogo, lakini yaliiva."

"Kwanza yai si la kupikwa," akasema Wembe. "Yai ni la kupasua tu. Mimi napitisha wembe kwenye koo za watu kutwa nzima na hakuna aliyekufa. Nitashindwa na ganda?"

"Tofauti ya wake zetu na sisi," Mwalimu akasema, "ni ubunifu. Wao wanafuata redio. Mwanamume akiingia jikoni anaingia na mpango."

"Mpango gani huo, Mwalimu?"

"Mpango, Shangazi. Naomba nisiingie kwa undani."

Mtu mmoja tu hakusema kitu. Huyo alikuwa Soli, fundi viatu, aliyekaa chini ukutani na kiatu cha watu kati ya magoti. Soli alifiwa na mkewe binti yao akiwa bado anatambaa, na binti huyo sasa anamzidi kimo. Alipaka gundi, akapuliza, akasema bila kuinua macho:

"Yai nalo lina wenyewe, jamani. Hapo mwanzo mimi nimeunguza sufuria hadi majirani wakadhani nateketeza mpira."

"Hiyo ni wewe, Soli. Mikono yako imezoea ngozi."

"Haya," akasema Shangazi, akiweka birika chini kwa kishindo. "Maneno yamekwisha. Kesho Jumamosi. Kila mmoja aje hapa na sahani ya mayai aliyopika mwenyewe, jikoni kwake, kwa vitu vya kawaida vilivyomo ndani. Sitaki kuona nyama, sitaki kuona kuku."

"Kuku si ndiye mama yake?"

"Funga mdomo, Wembe. Nitaonja mimi. Atakayeshindwa ataniosha vikombe mwezi mzima, na ataviosha mchana peupe, watu wakipita."

"Na akishinda?"

"Akishinda nitanyamaza. Nitakubali kwamba wanaume wanajua kupika na sitawasema tena."

Zawadi hiyo ilikuwa kubwa. Honi akasimama, akavaa kofia, akapiga kifua.

"Leo hiihii nakwenda kumwambia mke wangu apumzike. Kesho atasikia habari zangu!"

"Hata mimi namwambia!" akasema Wembe.

"Nitamjulisha rasmi," akasema Mwalimu.

Wakatawanyika kama watu wanaokwenda vitani, wakitembea kwa mbwembwe. Soli pekee alibaki akigonga msumari.

Shangazi akageuka, akalitazama beseni, kisha akamtazama Sawa.

"Mwanangu, haya mayai hayaendi. Redio imetuua. Kila mtu ana trei lake nyumbani, atakuja kununua la kuchemsha kwangu kwa nini? Kesho jioni beseni likiwa bado hivi, naacha mayai. Nawe utakwenda kwa dada yangu. Anatafuta mtu wa kukaa naye, amfagilie, amsogezee maji. Nyumba nzuri, pazia hadi chini, kimya kabisa. Utapumzika na kelele za hawa wendawazimu. Si vizuri?"

Sawa alikwishafika kwenye nyumba ile. Sebuleni kulikuwa na saa ya ukutani, na hiyo saa ndiyo iliyokuwa msemaji mkuu. Dada yake Shangazi alisema "karibu" mlangoni na "asante kwa kuja" mlangoni, na katikati saa ikaendelea na hotuba yake. Alitaka kumwambia Shangazi kwamba kelele za hawa wendawazimu ndizo zinazomtoa kitandani kila asubuhi. Kwamba akifika nyumbani, akiwa anasugua sufuria, huyarudia maneno yao yote, sauti ya Honi anaifanya nene, miwani ya Mwalimu anaivua kwa mkono mtupu. Kwamba kijiwe hiki kwake ni shule, na tofauti na ile ya vitabu, hii hakuna aliyemtoa kabla hajamaliza.

Badala yake akainama kutazama vidole vya miguu.

"Sawa," alisema.

"Ndiyo maana nakupenda. Huna mabishano."

* * *

Mchana Shangazi alipokwenda kununua kahawa ya kesho, Wembe alitoa kichwa nje ya pazia, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Psss! Binti. Njoo unisaidie kufuta kioo."

Kioo kilikuwa safi. Wembe akainama, akanong'ona:

"Sikiliza, mdogo wangu. Mimi ningeweza kupika vizuri sana, ila kesho nina vichwa vingi. Jumamosi si unajua. Nipikie kitu. Mayai nanunua hayohayo ya beseni. Ila iwe siri, hata nywele zilizo sakafuni zisijue."

Kwa Sawa, neno la kukataa lilikuwa kama mlango usio na kitasa. Alijua upo, hakujua pa kuushikia.

"Sawa," alisema.

Baadaye, akiwa bombani na ndoo yake, Mwalimu alimkuta. Alikuja na kitabu ili ionekane anapita tu.

"Naomba nifafanue," alisema kwa sauti ya chini. "Hili si suala la kutojua kupika. Ni suala la mgawanyo wa majukumu. Mpango nimeshaupanga kichwani, kinachokosekana ni mtekelezaji. Mayai utatoa beseni, malipo nitatoa mimi, na hili libaki kati yangu na wewe na kitabu hiki."

"Sawa," alisema Sawa.

Jioni, alipofika nyumbani, alimkuta Honi kwenye ua wa Shangazi amejibanza nyuma ya kamba ya nguo. Honi alijitahidi kunong'ona, lakini mnong'ono wake ni mazungumzo ya kawaida ya watu wengine, na njiwa waliokuwa juu ya bati wakaruka.

"Mwanangu! Unajua mimi mikono yangu imezoea usukani! Jikoni hakuna usukani! Nifichie aibu, mwanangu, mzee wa watu nisije nikaosha vikombe hadharani!"

Alikuwa na macho ya mtu aliyekosa breki kwenye mteremko.

"Sawa," alisema Sawa, na wa tatu akawa ameingia.

Sawa alimngojea Soli hadi giza likaingia, lakini hakuja.

Asubuhi Shangazi alitangulia kijiweni kuwasha mkaa, kama kawaida yake. Sawa akabaki na jiko, beseni la mayai, machache mabichi ambayo hayakuwa yamechemshwa, na vitu vya ndani. Akakatakata vitunguu. Kwa Wembe alipika mchuzi mzito wa nyanya na karoti, akayapasua mayai ya kuchemsha katikati, akayalaza ndani, viini juu. Kwa Mwalimu alichemsha viazi, akaviponda pamoja na mayai na kitunguu cha kukaanga, akavifinyanga vibonge, akavichovya kwenye yai bichi na kuvikaanga hadi vikawa na rangi ya udongo mwekundu. Kwa Honi alichukua kiporo cha wali wa jana, akakivuruga kikaangoni na mayai mabichi na mbaazi mbichi hadi kila punje ya wali ikavaa koti la njano.

Vikapendeza. Alisimama akavitazama vyote vitatu na moyo ukamcheka. Hakuonja hata kimoja. Hakuwa na desturi hiyo.

Walikuja mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, kila mmoja na kitambaa chake cha kufunikia, kila mmoja akitazama huku na huku kama anayechukua mtoto wa kuiba. Wa mwisho alipoondoka, Sawa alilichungulia beseni. Lilikuwa tupu. Akaona uso wake chini, umepinda kidogo, unatabasamu.

* * *

Vyombo vinne vilipangwa juu ya benchi. Hata yule mteja wa kichwa nusu alikuwepo, amejifunga shuka la kinyozi shingoni, maana Wembe alikuwa amemwambia asubiri kidogo tangu jana.

"Funueni," akasema Shangazi.

Vitambaa vikaondoka. Hewa ikajaa harufu ya kitunguu, na watu wakasogea karibu. Kisha Soli akafunua chake. Ilikuwa sufuria ndogo nyeusi kwa masizi. Ndani mlikuwa na maharage ya jana na mayai yaliyovurugwa juu yake, mengine yameiva, mengine yameungua, na kipande cha ganda kimesimama katikati kama bendera.

"Ehe!" akasema Honi. "Hicho nacho ni chakula au ni ajali?"

"Ni chakula. Binti yangu amekula, amekwenda zake."

"Amekwenda hospitali!"

Kicheko kilikuwa kikubwa. Soli naye akacheka, akang'oa ganda kwa vidole, akalitupa.

"Elezeni mlivyopika," akasema Shangazi.

"Mimi niliamka alfajiri," akaanza Wembe. "Nikakichukua kitunguu, nikakinyoa…"

"Ukakinyoa?"

"Nikakimenya, Shangazi, ni lugha ya kazi. Nikaongea nacho kidogo. Kitunguu unakiongelesha, kinatulia."

"Mimi nilifuata mpango," akasema Mwalimu. "Utangulizi, viazi. Kiini, yai. Hitimisho, mafuta ya moto."

"Mimi nilitia gia!" akasema Honi. "Wali ukapanda mlima, ukashuka, nikafunga breki, ukaiva!"

Sawa alikaa kwenye ndoo yake, mikono katikati ya magoti, shingo imezama mabegani. Alitamani kucheka na alitamani kukimbia.

Shangazi akachukua kijiko. Akaonja cha Wembe. Akatafuna taratibu, akatazama juu.

"Mm. Wembe, chumvi iko wapi?"

Wembe akameza mate. "Chumvi? Nimeiacha makusudi. Chumvi inakausha nywele. Mimi ni mtu wa nywele."

Akaonja cha Mwalimu.

"Mm. Mwalimu, na huku?"

"Naomba nifafanue. Wataalamu wanashauri tuipunguze. Mimi nimeipunguza hadi mwisho."

Akaonja cha Honi.

"Honi?"

"Presha! Daktari kanikataza!"

"Jana umekula karanga za chumvi hapahapa, ukaramba na karatasi."

"Ndipo ilipopanda, hiyo presha!"

Akaonja cha Soli. Akasikia mchanga wa ganda menoni, akakunja uso, akatema ganda, akaendelea kutafuna. Akachota tena.

"Hiki kina chumvi," alisema. "Kibaya, lakini kina chumvi."

"Hebu tuonjeshane," akasema Wembe kwa haraka, akitaka mambo yapite. Kila mmoja akachota sahani ya mwenzake. Wakatafuna. Na bila kupanga, bila kutazamana, kwa mazoea ya kila siku, mikono mitatu ikanyooka kwa pamoja kuelekea mwisho wa benchi na kugongana juu ya kopo la chumvi.

Mikono ikabaki pale hewani.

Soli aliweka kiatu chini.

"Mimi," alisema polepole, "mtu akiniletea viatu pea tatu, akaniambia hivi ni vya watu watatu, nami nikaona vyote visigino vimelika upande uleule, siulizi. Najua ni miguu ileile. Sasa hebu niambieni, nani hapa anapika mayai kila siku na hatii chumvi kwa sababu chumvi ni kazi ya mlaji?"

Vichwa vikageukia kopo. Kutoka kwenye kopo vikageukia beseni tupu. Kutoka kwenye beseni vikageukia ndoo, na juu ya ndoo alikuwepo Sawa, masikio yanawaka moto.

"Mwalimu!" akasema Wembe. "Na wewe?"

"Kwani wewe?"

"Mimi nilidhani nadanganya peke yangu!"

"Wezi!" akafoka Honi. "Mpishi alikuwa wangu! Nimejibanza nyuma ya nguo hadi kibanio cha nguo kikaning'ata sikio!"

"Mimi nilimwahi mapema, mchana!"

"Naomba nifafanue, kisheria aliyemwahi ni…"

"Usifafanue, tapeli wewe na kitabu chako!"

Mteja wa kichwa nusu akacheka hadi shuka likamdondoka. Shangazi hakucheka. Alimtazama mtoto wa kaka yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Wewe uliwakubalia wote watatu?"

Sawa akatikisa kichwa kuitikia.

"Na hukuonja hata kimoja?"

Safari hii kichwa hakikutosha, maana swali lilikuwa limekaa linamngoja. Sawa akafungua kinywa.

"Mayai siyapendi," alisema.

"Nini?"

"Siyapendi. Tangu utoto. Harufu yake tu inanitosha."

Kijiwe kikapasuka kwa kicheko. Honi alijishika tumbo, akaegemea kibanda, kibanda kikayumba na redio ikaanguka, ikanyamaza yenyewe. Mwalimu alivua miwani akafuta machozi. "Muuza mayai!" alisema Wembe, "muuza mayai, jamani!", na kila akilisema anaanza kucheka upya.

"Basi," akasema Shangazi kicheko kilipopungua. "Soli ameshinda. Nyinyi watatu mtaosha vikombe, kwa zamu, hapo mbele, watu wakiwaona. Na osheni vizuri, maana jioni hii huyu anakwenda kwa dada yangu na sitakuwa na msaidizi."

Kicheko kikakatika.

"Anakwenda wapi?" akauliza Honi.

"Kwa dada yangu. Beseni limeisha, ndiyo, lakini limeisha kwa utapeli wenu, si kwa wateja. Biashara ya mayai imekufa."

"Haiwezekani!" akasema Wembe, na uso ukambadilika. "Shangazi, hujui. Jana nilimwambia mke wangu nakwenda kushindana kupika. Akaniambia hongera, mume wangu, sasa kuanzia leo jioni jiko ni lako. Akanikabidhi na mwiko."

Honi akaketi chini polepole. "Na wako kasema hivyo?"

"Kwani wako?"

"Wangu kanikabidhi trei zima!"

Wote wakamtazama Mwalimu. Mwalimu akakohoa.

"Nimepewa ratiba," alisema.

"Sasa akiondoka huyu mtoto, nani atatufundisha?" Honi alikuwa karibu kulia. "Leo jioni nitapika nini, Shangazi? Injini ya lori nimeshairudisha kwa wenyewe!"

"Hayo yenu. Mwenyewe amekubali. Nilimwuliza, akasema sawa."

Soli alikuwa amekwisha rudi kwenye kiatu chake. Akasema huku anavuta uzi:

"Shangazi, hawa watatu nao amewaambia sawa."

Uzi ukapita kwenye tundu. Shangazi akamtazama Soli, akazitazama sahani tatu, kisha akamgeukia Sawa. Safari hii hakusimama juu yake. Alichuchumaa mbele ya ndoo, magoti yakilia, hadi macho yakawa sawa kwa sawa.

"Mwanangu. Unataka kwenda?"

Benchi zima likainama mbele. Hata Honi alizuia pumzi, jambo ambalo halijapata kuonekana.

"Sitaki," alisema Sawa.

Alidhani angekufa baada ya kulisema. Hakufa. Basi akaongeza:

"Kule saa ndiyo inayoongea. Hapa mnaongea nyinyi. Mimi napenda mnavyobishana. Nikienda kule sitajua kabichi ya Honi imeishia wapi."

 Shangazi akaokota kipande cha ganda alichokitupa Soli, akakigeuzageuza vidoleni, akakitupa tena.

"Mbona hukuniambia, mtoto wewe? Nimekwisha mwambia dada yangu kwamba una hamu."

"Hukuniacha nimalize kunyamaza."

Shangazi akacheka kwa pua, akajishika kiuno, akainuka.

"Haya. Nitamtafutia dada yangu mtu mwingine, anayependa saa. Kesho njoo na kikaango. Wanaume hawa watajifunzia hapa, mayai watanunua kwangu, na wapita njia watakaosikia harufu nao tutawakaribisha. Na chumvi utie! Kama huwezi kuonja, Soli ataonja."

"Mimi?" akasema Soli. "Nimeshinda nipewe adhabu?"

Wembe alikuwa amekwisha kunja mikono ya shati na kuchukua beseni tupu kuoshea vikombe. Mwalimu alikuwa anamfafanulia namna ya kushika kikombe. Mteja wa kichwa nusu aliuliza kama leo atamaliziwa, akaambiwa asubiri kidogo. Sahani tatu zilizungushwa, kopo likapita mkono kwa mkono, na chumvi ikashuka, ikachimbika katikati.

Honi alichota wali wake, akarudi kwenye benchi, akaketi kwa uzito wake wote, akalaza kofia upande wa kushoto kama siku zote.

Sawa alisimama kutoka kwenye ndoo. Akatembea hadi pale, akaiokota kofia, akampa mwenyewe mkononi.

"Sogea," alisema. "Nikae."